Pumzi na Miguu: Mazoezi ya Nyumbani kwa Wenye Maradhi Sugu ya Mapafu

Katika mtaa wa Majengo, mjini Sumbawanga, anaishi mama mkubwa wangu, ambaye kwa miaka mingi aliuza ulezi na maharage sokoni. Zaidi ya miaka kumi iliyopita aliugua kifua kikuu, akatumia dawa miezi sita bila kukosa hata siku moja, na mwishoni makohozi yake yalipopimwa hayakuonekana tena kuwa na vijidudu. Daftarini aliandikwa kuwa amepona. Hata hivyo pumzi yake haikurudi kama zamani. Kwanza aliacha kwenda shamba. Kisha akaacha soko. Kisha wajukuu wakampokonya ndoo ya maji, na wakwe wakampokonya mwiko. Nilipokwenda likizo mwezi wa Juni, wakati upepo wa uwanda wa juu wa Ufipa unapopenya hata ndani ya koti, nilimkuta ameketi kitini kando ya ukuta wenye jua, na hapo ndipo alipokuwa akishinda tangu asubuhi hadi jioni. Nyumba nzima ilijivunia jinsi ilivyomtunza, nami nikiwa miongoni mwao, ingawa nilikwenda ng'ambo miaka kadhaa kusomea jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi, na nilipaswa kujua zaidi.

Makala haya yanahusu kiti kile. Nitajaribu kumweleza msomaji kwa nini mtu mwenye mapafu yaliyoharibika hudhoofishwa na mapumziko ya siku zote, na jinsi anavyoweza kurudishiwa sehemu ya nguvu zake nyumbani kwake mwenyewe, bila mashine na bila gharama kubwa. Huduma ya namna hiyo wataalamu wa tiba huiita utengamao wa mapafu.

Mivukuto isiyomwaga hewa

Wazee wa Ufipa walikuwa wahunzi hodari. Tanuri lao kubwa, lililoitwa ilungu, lilisimama juu kupita kimo cha mtu na kujivutia hewa lenyewe bila kuvukutwa. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilihitaji mivukuto. Kila aliyewahi kushika mivukuto anajua jambo moja: mfuko usiokwisha kumwaga hewa ya kwanza hauwezi kupokea hewa ya pili.

Kifua cha binadamu ni mivukuto ya aina yake. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Hewa hiyo hupita katika vijia vinavyogawanyika na kugawanyika tena hadi kufikia vifuko vidogo mno, ambavyo idadi yake katika mapafu ya mtu mzima ni mamilioni mia kadhaa. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba sana, na kama zingetandazwa chini zingefunika eneo la vyumba kadhaa vya nyumba. Hapo ndipo oksijeni huingia katika damu na kaboni dayoksaidi hutoka. Katika kupumua kwa kawaida, kutoa hewa hakuhitaji nguvu: mapafu yana mnyumbuko kama mpira, nayo hujirudia yenyewe.

Sasa tuseme moshi wa miaka thelathini umevimbisha vijia vya hewa na kuvijaza kamasi nzito, na kuta za vifuko zimechakaa hata mnyumbuko ukapotea. Hewa huingia, lakini kutoka kwake ni kwa taabu, kwa sababu vijia vilivyolegea hujibana wakati wa kutoa pumzi. Kabla hewa ya kwanza haijaisha, mgonjwa analazimika kuvuta nyingine. Kila anapoharakisha mwendo, hewa iliyonaswa kifuani huongezeka. Huu ndio ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Kovu la kifua kikuu huleta hali inayofanana nayo, ingawa si sawasawa: sehemu ya pafu hukauka na kusinyaa, vijia vingine hubomoka na kupanuka, na vingine huziba.

Mwanafunzi mwenye afya anaweza kuonja hali hiyo kwa nusu dakika. Avute pumzi ndefu hadi kifua kijae. Kisha atoe kidogo tu, kama robo yake, na kuvuta tena. Aendelee hivyo mara nne au tano bila kuruhusu kifua kishuke. Ataona kwamba kifua kimejaa hewa, na bado ana kiu ya hewa. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asifanye jaribio hili; atazame wenzake tu.

Hewa ya Sumbawanga

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Watu wengi husema kwamba hewa ya milimani ina oksijeni kidogo, na usemi huo una ukweli nusu. Mahali popote, pwani au mlimani, oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa yote. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yenyewe. Dar es Salaam kanieneo hiyo ni kama kilopaskali 101, na sehemu ya oksijeni ni kama 21. Kando ya Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800 juu ya bahari, oksijeni hubaki na kama 19. Ukipanda Lyamba lya Mfipa hadi uwandani na kufika Sumbawanga, hubaki kama 17 tu. Mtu aliyezaliwa huko na mwenye mapafu mazima hufidia tofauti hiyo bila kujua. Mwenye mapafu yaliyoharibika hana akiba ya kufidia, na pengine ndiyo sababu mama mkubwa hutuambia kwamba aliposhuka bondeni kwa ndugu zake alijisikia mwepesi. Sisi tulidhani ni furaha ya kuonana nao.

Nikumbushe hapa hatari moja ya miezi ya baridi. Watu wa uwandani huingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Gesi hiyo huua hata wazima.

Waliopona na kubaki bila pumzi

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa uliua watu zaidi ya milioni 3 duniani. Katika nchi zenye viwanda mshitakiwa mkuu ni sigara. Kwetu mambo ni mapana zaidi. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwapima watu wenye umri wa miaka 30 na zaidi kwa spirometa, kifaa kinachopima kiasi na kasi ya hewa itokayo kifuani. Asilimia 16.2 walikutwa na ugonjwa huu, na karibu wote waliopimwa walikuwa wameishi katika moshi wa kuni na mabaki ya mazao. Utafiti mwingine, uliofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018, ulipata asilimia 17.5 miongoni mwa watu wa miaka 35 na zaidi. Hao ni karibu mmoja katika kila sita, na wengi wao hawakujua kwamba wana ugonjwa wenye jina.

Kisha kuna kundi la mama mkubwa. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo mpango huo ukajenga utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anywe dawa zake, kuandika habari zake katika rejesta, na kuhesabu waliopona. Utaratibu huo ulikuwa kielelezo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Ni fahari ya haki kwa nchi yetu. Lakini rejesta ina safu ya waliopona, waliokufa na waliotoroka dawa. Haina safu ya waliopona na kubaki bila pumzi. Mtu wa namna hiyo akirudi hospitali anakohoa na kuhema, ni rahisi kudhaniwa kwamba kifua kikuu kimerudi. Ndivyo ilivyompata mama mkubwa katika kituo kimoja cha tiba, ambacho sina haja ya kukitaja: alianzishiwa dawa upya bila makohozi yake kupimwa. Alizimeza miezi sita, na mwisho wake akawa na pumzi ile ile, na hofu kubwa zaidi. Majirani nao wakaanza kumtengea kikombe.

Ugonjwa unavyohamia miguuni

Tuje sasa kwenye kiini cha habari yetu. Mtu anayeishiwa pumzi akitembea huogopa kutembea. Hofu hiyo ni ya haki, maana kukosa hewa ni miongoni mwa mateso makubwa ambayo mwili unaweza kuyahisi. Basi hupunguza mwendo, na jamaa wenye huruma humsaidia kuupunguza. Baada ya miezi michache misuli ya mapaja imesinyaa. Si ukubwa wake tu unaopotea. Ndani ya chembechembe za msuli mna viungo vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo huunguza chakula kwa oksijeni na kutoa nguvu. Msuli usiotumika hupoteza mitokondria, na mishipa midogo ya damu inayoulisha hupungua pia.

Msuli wa aina hiyo ukipewa kazi, hata ndogo kama kusimama na kwenda chooni, hushindwa kupata nguvu ya kutosha kwa njia ya oksijeni na kukimbilia njia ya mkato, ambayo huzalisha asidi ya laktiki. Asidi hiyo hupozwa katika damu na bikaboneti, na katika kupozwa huko hutokea kaboni dayoksaidi ya ziada. Mwanafunzi wa kemia anaweza kuonyesha jambo linalofanana na hilo kwa kumwaga siki juu ya magadi: povu litokalo ni kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ya ziada haina mlango mwingine wa kutokea isipokuwa mapafu. Hivyo miguu dhaifu huyatwika mapafu mabovu mzigo ambao miguu imara isingeyatwika. Mgonjwa huhema zaidi, huogopa zaidi, huketi zaidi, na miguu huzidi kudhoofu. Mduara huu huzunguka hadi mtu ambaye mapafu yake yangemruhusu kwenda sokoni anashindwa kuvuka ua.

Msomaji ataona mara moja mahali pa kuukata mduara huo. Kovu la pafu halifutiki, na hadi leo hakuna dawa inayokirudishia kifuko kilichobomoka ukuta wake. Msuli, kwa upande wake, hujengeka hata katika umri wa miaka sabini. Mwaka 1991 Richard Casaburi na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa aina hii kwa majuma kadhaa. Mapafu yao hayakubadilika, lakini kwa kazi ile ile miili yao ilitoa asidi ya laktiki kidogo kuliko mwanzo na wakahitaji kuvuta hewa kidogo. Majaribio yakafuatana. Mwaka 2015 wataalamu walipoyakusanya yaliyokuwa yamefanywa duniani, walihesabu 65 yenye wagonjwa 3,822, na ushahidi ukawa mzito kiasi kwamba wahariri wa mkusanyo ule waliandika kuwa hakuna haja tena ya majaribio ya kuuliza kama utengamao unafaa. Ni nadra sana katika sayansi ya tiba kusikia mtu akisema: swali hili limejibiwa, liacheni.

Ushahidi huo hauko mbali nasi. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Bruce Kirenga na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Uingereza, waliendesha utengamao wa majuma sita kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kupona kifua kikuu, yaani watu wa hali ya mama mkubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: mwendo waliomudu kutembea uliongezeka, na majuma sita baada ya kumaliza nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.

Kwa nini nyumbani

Utengamao ulikua hospitalini, ambako mgonjwa huja mara mbili kwa juma na kusimamiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa mtu wa Majengo, ambaye hospitali ya mkoa iko katika mji ule ule, jambo hilo lina taabu zake lakini linawazika. Kwa mtu wa kijiji cha bondeni Rukwa, ambaye lazima apande ukingo wote wa bonde kwa basi, ni ndoto. Na hata mtu wa Majengo hawezi kulipa nauli ya bodaboda mara mbili kila juma kwa majuma manane, na kumpotezea siku ya kazi yule anayemsindikiza.

Huko Melbourne, Australia, Anne Holland na wenzake waliligeuza swali. Wagonjwa 166 waligawanywa kwa kura: baadhi walikwenda hospitalini mara mbili kwa juma, na wengine walibaki nyumbani. Waliobaki nyumbani walitembelewa na mtaalamu mara moja tu, kisha wakapigiwa simu mara moja kila juma kwa majuma saba. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba mwisho wa majuma manane waliofanya mazoezi nyumbani hawakuwa nyuma ya wenzao. Lakini utafiti ule ule ulionyesha jambo la pili ambalo watu hupenda kulisahau: baada ya miezi kumi na miwili makundi yote mawili yalikuwa yamepoteza sehemu kubwa ya nafuu. Mazoezi hayawekwi akiba.

Tanzania tayari ina mfano wa kufuata. Kuanzia mwaka 2006 ilijaribiwa katika wilaya kadhaa njia ya kumruhusu mgonjwa wa kifua kikuu kuchagua kunywa dawa zake nyumbani, akisimamiwa na ndugu au jirani aliyemteua mwenyewe, badala ya kwenda zahanati kila siku. Njia hiyo ilifaa, ikaenezwa. Yule ndugu aliyeweza kuhesabu vidonge anaweza pia kuhesabu dakika za kutembea. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kufundishwa kazi hiyo, na simu ya mkononi iko karibu kila nyumba. Kwa maoni yangu, kinachokosekana zaidi ni ile safu katika rejesta, pamoja na mtu aliyeambiwa kwamba kazi hii ni yake.

Kipimo cha dakika sita

Mazoezi yasiyopimwa huwa ama mepesi mno, yasiyoleta faida, ama mazito mno, yanayomtisha mgonjwa akaacha. Kipimo kinachotumika zaidi ulimwenguni ni rahisi kushangaza: mgonjwa hutembea katika njia tambarare kwa dakika sita, kwa mwendo wake mwenyewe, akipumzika akitaka, na urefu aliotembea huandikwa. Zamani zilikuwa dakika kumi na mbili. Mwaka 1982 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba sita zinatosha.

Tuseme mgonjwa amemudu mita 240. Kila dakika, kwa wastani, amekwenda mita 40. Kwa mazoezi huanzia asilimia 80 ya mwendo huo, yaani mita 32 kwa dakika. Akitembea dakika kumi atakwenda mita 320; kwa hiyo, kama njia kando ya nyumba yake imepimwa kwa kamba kuwa mita 20, atakwenda na kurudi mara nane. Asiyeweza dakika kumi mfululizo atembee mbili na kusimama moja, kisha aanze tena. Juma hadi juma dakika huongezwa, hadi zifike thelathini katika siku nyingi za juma. Mwalimu wa hesabu atakayewapa wanafunzi wake mafumbo ya namna hii hatakuwa amepoteza kipindi.

Ukali wa zoezi hupimwa pia kwa hisia ya mgonjwa mwenyewe. Gunnar Borg wa Sweden alitunga kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutohema kabisa na 10 ni kuhema kusikovumilika. Zoezi linalofaa humfikisha mtu kwenye 3 au 4: anaweza kusema sentensi fupi, lakini hawezi kuimba. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa mgonjwa na kwa watu wa nyumbani, kwani kuhema kwa kadiri hiyo ndiko hasa kunakoleta faida. Binamu yangu alipomwona mama yake anahema njiani kwa mara ya kwanza alitoka mbio na kiti mkononi. Ilinibidi nimzuie mlangoni, na hakunisemesha hadi jioni.

Nguvu za misuli hujengwa kwa vitu vya nyumbani. Mgonjwa huketi katika kiti kisichoyumba, kilichoegemezwa ukutani, na kusimama bila kujisaidia kwa mikono, mara tano, kisha nane, kisha kumi. Chupa ya lita moja iliyojaa maji ina uzito wa kilo moja, nayo hutosha kuanzia kwa mikono. Wengi wenye maradhi haya huchoka upesi wanapoinua mikono juu ya mabega, kwa kuwa misuli ya mabega na shingo tayari inatumika kuvuta pumzi. Anapohema, hufundishwa kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama apigaye mluzi, na muda wa kutoa uwe kama mara mbili ya muda wa kuvuta. Midomo ikibanwa, kanieneo ndani ya vijia hubaki juu kidogo, navyo havijibani kabla hewa haijatoka. Wazee wengi hugundua mbinu hii wenyewe bila kufundishwa.

Tahadhari hazina budi kusemwa. Mtu yeyote anayekohoa kwa majuma mawili na zaidi apimwe makohozi kwanza, hata kama aliwahi kutibiwa. Anayekohoa damu, mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, aliyevimba miguu au mwenye homa asianze mazoezi kabla ya kuonana na daktari. Anayetumia dawa ya kuvuta kwa mdomo aendelee nayo. Mazoezi hayachukui nafasi yake. Midomo ikigeuka rangi ya samawati wakati wa zoezi, zoezi lisimame hapo hapo na mgonjwa apelekwe kwenye tiba. Na sigara iachwe, maana hakuna zoezi linaloshinda sigara.

Jiko na chakula

Kumfanyisha mtu mazoezi asubuhi na kumrudisha jikoni penye moshi mchana ni kujaza maji katika pakacha. Jiko la nyumba yetu ni kibanda chenye paa la bati na tundu moja. Tulipanua dirisha, tukatoboa njia ya moshi chini ya paa upande usio wa upepo, na kuni zikaanza kuanikwa kabla ya kutumiwa, kwa kuwa kuni mbichi hutoa moshi mara nyingi kuliko kavu. Gesi ingekuwa bora zaidi. Mtungi mdogo tulioununua hutumika kwa chai ya asubuhi na haraka nyinginezo, lakini maharage bado hupikwa kwa kuni, na sitamficha msomaji jambo hilo.

Msuli haujengwi kwa hewa tupu. Ugali wa ulezi, maharage, na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa Sumbawanga ni chakula kinachofaa kabisa, ila mgonjwa ale kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo lililojaa hukizuia kiwambo kushuka.

Mama mkubwa alianza mwezi ule ule wa Juni, kwa dakika nne. Msimamizi wake alikuwa mjukuu wa Kidato cha Pili, ambaye aliipima njia kwa kamba ya kuanikia nguo na kuandika kila siku katika daftari la mazoezi ya hesabu: tarehe, dakika, na namba ya kuhema. Nilimpigia simu kila Jumapili, na mara nyingi tulizungumza habari za daftari kwa dakika mbili na habari za ukoo kwa ishirini. Mwezi wa Agosti alikwenda bombani kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akasimama mara tatu njiani. Mwezi wa Oktoba alisimama mara moja. Alianza kuchota ndoo ndogo, na wakwe wakanilalamikia kwamba majirani watasema wanamtesa mzee.

Kisha zikaja mvua za Novemba, njia ikawa tope, na daftari likabaki tupu hadi baada ya Krismasi. Januari nilipofika alikuwa amerudi kitini, na mara tatu za bombani zilikuwa zimekuwa tano. Hakunung'unika. Alimwita mjukuu, akamwagiza alete kamba aipime upya, safari hii ndani, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani. Zilipatikana mita saba. Mtoto akaketi kupiga hesabu ya mara ngapi.